Kuanza Kukusanya Sarafu za Nchini na za Kigeni: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Watu wengi wanaotaka kuanza kukusanya sarafu hukimbilia kununua, na baada ya miezi michache hujikuta wana mfuko mzito wa vipande vya chuma wasivyoweza kuvieleza. Sarafu ni hati. Imebeba jina la mamlaka iliyoitoa, thamani, mwaka, na mara nyingi alama ya kiwanda ilikotengenezwa, na yote hayo yamebanwa katika eneo dogo kuliko kifuniko cha chupa. Mtu asiyeweza kuisoma hati hiyo hawezi kujua amepata nini, wala hatagundua anapouziwa sarafu ya bandia. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na kusoma, unafuata kutunza, na kununua kunakuja karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Panga sarafu ulizo nazo tayari

Toa chenji zote zilizomo mifukoni, kwenye mikoba na katika makopo ya nyumbani, uzitandaze juu ya kitambaa laini, kisha uzipange kwa thamani, na ndani ya kila thamani uzipange kwa mwaka. Kazi hii huchukua jioni moja tu, lakini itakuonyesha ni miaka ipi inapatikana kwa wingi, ni ipi haionekani kabisa, na ni wapi sarafu ilibadilishwa picha, ukubwa au madini huku thamani yake ikibaki ileile.

Mabadiliko ya madini yanastahili uangalifu wa pekee, kwa sababu mara nyingi jicho halitayaona. Peni 1 ya Uingereza ilikuwa ya bronzi, yaani mchanganyiko wa shaba na bati, hadi mwaka 1992, ilipoanza kutengenezwa kwa chuma kilichopakwa shaba. Rangi ni ileile, ila ile mpya hunaswa na sumaku na ile ya zamani hainaswi. Senti 25 za Marekani zilizotengenezwa kwa matumizi ya kawaida hadi mwaka 1964 zina asilimia 90 ya madini ya fedha na uzito wa gramu 6.25, lakini zile za kuanzia 1965 zina matabaka ya shaba na nikeli na uzito wa gramu 5.67. Ukiitazama ubavuni sarafu ya miaka ya karibuni utaona mstari wa rangi ya shaba, na ukiitazama ile ya fedha hutauona. Nchi nyingi zimepitia mageuzi ya namna hii, na kuyatafuta katika sarafu za nchi yako mwenyewe ni zoezi bora kuliko lolote ninaloweza kumpa mtu anayeanza.

Hatua ya 2: Jifunze kuisoma sarafu ya kigeni

Anza na jina la nchi, ukijua kwamba nchi hujiita kwa lugha yake. Suomi ni Finland, Magyarország ni Hungary, Shqipëri ni Albania, Hrvatska ni Kroatia, na Éire ni Ireland. Uswisi hutumia neno la Kilatini Helvetia, kwa kuwa ina lugha nne za taifa na Kilatini hakipendelei hata mojawapo. Zipo pia sarafu zisizo za nchi moja. Zenye maandishi EAST AFRICA zilitumika Kenya, Uganda, Tanganyika na baadaye Zanzibar wakati wa utawala wa Waingereza, na zile za faranga zenye maandishi ya benki kuu ya Afrika Magharibi hutumika leo katika nchi nane. Sarafu za euro, zilizoingia mikononi mwa watu tarehe 1 Januari 2002, zina upande mmoja unaofanana kote na upande mwingine ambao kila nchi huupamba kwa namna yake, kwa hiyo utajua nchi kwa kuangalia upande wa pili.

Baada ya jina, soma mwaka. Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi, kwa sababu si kila sarafu huhesabu miaka kwa kalenda moja. Sarafu za Thailand hutumia mwaka wa Kibudha, kwa hiyo ukiondoa 543 kutoka 2560 unapata 2017. Za Ethiopia hufuata kalenda ya nchi hiyo, ambayo iko nyuma kwa miaka 7 au 8. Za Japani huhesabu miaka ya utawala wa mfalme: mwaka wa 50 wa enzi ya Showa ni 1975, na mwaka wa 10 wa enzi ya Heisei ni 1998. Sarafu nyingi za nchi za Kiislamu hutaja mwaka wa Hijria, ambao kwa kuwa ni wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua, hivyo haitoshi kujumlisha namba moja. Zidisha mwaka huo kwa 0.97, kisha ujumlishe 622, nawe utafika karibu sana. Mwaka 1400 wa Hijria, kwa mfano, unaangukia mwishoni mwa 1979 na sehemu kubwa ya 1980. Iran, hata hivyo, hutumia Hijria ya jua kwenye sarafu zake za sasa, na hapo unajumlisha 621 tu.

Tarakimu zenyewe pia zinahitaji mazoezi. Katika maandishi ya Kiarabu tarakimu ya tano hufanana na sifuri tuliyoizoea, sifuri huandikwa kama nukta, saba hufanana na herufi V, na nane ni V iliyopinduliwa. Ziandike tarakimu hizo kumi mara kadhaa kwa mkono wako mpaka uzizoee, kwa maana jedwali ulilolitazama tu bila kuliandika utalisahau.

Kisha tafuta alama ya kiwanda, ambayo kwa kawaida ni herufi moja au mbili ndogo karibu na mwaka au chini ya picha. Kwenye sarafu za Marekani herufi D ni Denver, S ni San Francisco, na P ni Philadelphia. Kwenye sarafu za Ujerumani A ni Berlin, D ni Munich, F ni Stuttgart, G ni Karlsruhe, na J ni Hamburg. Herufi H kwenye sarafu nyingi za makoloni ya Uingereza ni ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Usiidharau herufi hii ndogo, kwani sarafu mbili za mwaka mmoja na thamani moja zinaweza kutofautiana sana kwa uhaba kwa sababu ya kiwanda peke yake.

Mwisho, zingatia mwelekeo wa pande mbili. Shika sarafu kichwa kikiwa wima, kisha uigeuze kama unavyofungua ukurasa wa kitabu. Sarafu ya Uingereza itakuonyesha upande wa nyuma ukiwa wima pia, ilhali ya Marekani itakuonyesha upande wa nyuma ukiwa kichwa chini. Ukikuta sarafu inayokwenda kinyume na kawaida ya nchi yake, huenda ni kosa la kiwandani, ambalo wakusanyaji hulithamini, au huenda ni bandia. Iweke kando uichunguze.

Ukishindwa kabisa kuitambua, tumia katalogi. Numista ni katalogi ya intaneti inayotumika bila malipo, na unaweza kutafuta kwa nchi, maandishi, uzito au kipenyo. Wauzaji wengi hutaja pia namba inayoanza na herufi KM, ambazo ni za watungaji wa katalogi iliyoenea, Krause na Mishler. Namba hiyo hutambulisha aina ya sarafu, hivyo inafaa kuiandika katika kumbukumbu zako.

Hatua ya 3: Chagua njia moja

Mtu anayekusanya kila kitu hamalizi chochote. Unaweza kukusanya kwa nchi, ukitafuta kila thamani na kila mwaka. Kwa aina, ukichukua sarafu moja tu ya kila umbo lililotolewa. Kwa mada, kama vile samaki, meli au mimea. Au kwa kipindi fulani. Kwa sarafu za nchini ninashauri njia ya mwaka kwa mwaka, kwa kuwa chenji za kila siku zitakusaidia. Kwa za kigeni ninashauri njia ya aina, vinginevyo utazama. Sarafu ya rapeni 10 (yaani senti 10 za faranga) ya Uswisi, ambayo picha yake haijabadilika tangu mwaka 1879, inaonyesha tofauti hiyo vizuri: anayekusanya kwa mwaka ana kazi ya maisha, na anayekusanya kwa aina anahitaji vipande vichache vinavyotofautiana kwa madini.

Hatua ya 4: Pata vifaa vichache

Unahitaji kioo cha kukuzia mara 5 hadi 10, mizani ya kielektroniki inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa ya kupimia kipenyo na unene, sumaku ndogo yenye nguvu, taa ya mezani inayoweza kuinamishwa, na daftari. Mizani ndiyo kifaa cha kununua kwanza.

Hatua ya 5: Usisafishe

Hili ndilo kosa linaloharibu sarafu nyingi kuliko wizi na moto, na hufanywa kwa nia njema. Muhuri wa chuma unapoipiga sarafu kwa nguvu kubwa, madini hutiririka kidogo kuelekea ukingoni na kuacha michirizi midogo isiyoonekana kwa macho. Michirizi hiyo ndiyo inayotoa mng'ao unaozunguka kama miale unapoiinamisha sarafu mpya chini ya taa. Ukiisugua kwa majivu, dawa ya meno, magadi au dawa ya kung'arishia vyuma, unaikwangua michirizi hiyo. Sarafu itang'aa, lakini mng'ao wake utakuwa bapa, wenye mikwaruzo inayokwenda upande mmoja, na mkusanyaji mzoefu atautambua mara moja. Ndimu na siki huila shaba na kuiacha na wekundu usio wa kawaida. Hakuna njia ya kurudisha kilichoondoka.

Utando wa rangi ya kahawia kwenye shaba, au wa kijivu na samawati kwenye fedha, huchukua miaka mingi kujengeka, na aghalabu hulinda madini yaliyo chini yake. Uache. Ikiwa sarafu ina udongo mkavu, iloweke katika maji yaliyochujwa chumvi, uiache kwa siku moja au mbili, kisha uikaushe kwa kuigandamiza polepole ndani ya kitambaa cha pamba bila kuisugua. Ikiwa ina utelezi wa kijani uliotoka kwenye plastiki mbaya, asetoni safi huuyeyusha bila kugusa madini. Tumia chombo cha kioo, mahali penye hewa, mbali kabisa na moto, kwa maana asetoni hushika moto upesi. Zaidi ya hapo, usifanye lolote.

Kushika nako kuna utaratibu wake. Shika sarafu kwa ukingo, kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili ikiponyoka isigonge meza. Jasho la vidole lina chumvi na mafuta, na alama ya kidole kwenye shaba mpya inaweza kubaki hapo milele.

Hatua ya 6: Hifadhi mahali pakavu na katika plastiki salama

Plastiki laini ya PVC, ile yenye harufu kali inayotumika katika albamu nyingi za bei nafuu, huachia kemikali zinazokuwa utelezi wa kijani na kuchimba uso wa sarafu. Chagua mifuko na kurasa zilizotengenezwa kwa poliesta, polipropilini au polithini. Vibandiko vya kadibodi vyenye dirisha la plastiki ni vizuri kwa anayeanza, mradi pini zake zibanwe ziwe bapa ili zisikwaruze sarafu ya jirani.

Fedha huchafuliwa na salfa, na salfa hutoka kwenye mipira ya kufungia, karatasi duni na aina fulani za mbao, kwa hiyo sanduku zuri la mbao si lazima liwe rafiki wa sarafu. Unyevu ni adui wa zote, hasa mahali penye joto na penye chumvi hewani. Weka pakiti za jeli ya silika ndani ya kisanduku kinachofunga vizuri, uzikaushe au uzibadilishe zinapojaa maji. Ukiona unga wa kijani kibichi unaomea kama madoa kwenye bronzi, itenge sarafu hiyo siku hiyohiyo. Ni ulikaji unaosababishwa na kloridi, na unaendelea maadamu kuna unyevu.

Hatua ya 7: Jifunze kupima hali

Sarafu mbili zinazofanana zinaweza kutofautiana sana kwa thamani kutokana na hali. Angalia kwanza sehemu zilizoinuka zaidi, kama nywele juu ya sikio, nyusi na shavu, kwa sababu hizo ndizo huchakaa mwanzo. Wakusanyaji wengi hutumia kipimo cha 1 hadi 70 kilichotokana na kazi ya Mmarekani William Sheldon ya mwaka 1949, ambapo 60 na kuendelea ni sarafu zisizo na dalili ya kutumika. Huhitaji kukijua chote sasa. Jizoeze kutenganisha makundi manne: iliyochakaa hadi maandishi yanafifia, iliyotumika lakini maandishi yote yapo, iliyotumika kidogo sana, na ambayo haijatumika. Elewa pia kwamba sarafu za prufu, zenye uso kama kioo, ni namna ya kutengeneza kwa ajili ya wakusanyaji. Prufu iliyokwaruzwa bado ni prufu, ila ya hali mbaya.

Hatua ya 8: Ijaribu kabla ya kuiamini

Kila sarafu ya kisasa ina uzito, kipenyo na unene uliowekwa na sheria ya nchi yake, na katalogi huvitaja. Pima vyote vitatu. Bandia nyingi huanguka hapo, kwa sababu anayeighushi akitumia madini mepesi hulazimika kuongeza unene ili apate uzito. Kisha kagua ukingo kwa kioo: mstari unaouzunguka ni dalili ya kalibu ya pande mbili, na vishimo vidogo kama vya mapovu ni dalili kwamba madini yalimiminwa badala ya kupigwa kwa muhuri.

Sumaku nayo hutoa ushahidi wa haraka. Dhahabu, fedha na shaba hazinaswi. Chuma na nikeli safi hunaswa. Mchanganyiko wa robo tatu shaba na robo nikeli hauonyeshi kuvutwa. Mfano mashuhuri ni senti 1 ya Marekani ya mwaka 1943. Mwaka huo shaba ilihitajika vitani, hivyo senti zilitengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki, lakini vipande vichache sana vya bronzi vilipita kwa makosa na leo vinatafutwa mno. Walaghai wamezipaka shaba senti nyingi za chuma za mwaka huo ili zifanane navyo, na zote hizo sumaku huzinasa. Sarafu isiyonaswa bado haijathibitika kuwa ya kweli, kwa maana wengine huchonga tarakimu ya mwisho ya senti ya 1948 ili isomeke 3. Sumaku huondoa uongo mmoja tu.

Kwa sarafu inayodaiwa kuwa ya fedha au dhahabu, pima msongamano. Ipime ikiwa kavu na uandike uzito wake. Weka kikombe cha maji juu ya mizani na uirudishe mizani kwenye sifuri, kisha uizamishe sarafu ikining'inia kwa uzi mwembamba bila kugusa chini wala pembeni. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba inayosomeka sasa. Fedha safi hutoa takriban 10.5, dhahabu safi 19.3, shaba 8.96, na zinki 7.1. Riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, yenye gramu 28.07 na fedha asilimia 83.3, inapaswa kusomeka karibu gramu 2.75 ndani ya maji, yaani msongamano wa 10.2 hivi. Sarafu hiyo inafundisha pia kutoutegemea mwaka peke yake: zile zilizotengenezwa baada ya kifo chake zina tarehe 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, ingawa zimeendelea kutengenezwa katika viwanda vya nchi mbalimbali hadi karne ya 20, kwa sababu wafanyabiashara wa Ethiopia, Uarabuni na pwani ya Afrika Mashariki hawakuikubali nyingine.

Hatua ya 9: Kubadilishana na kununua

Anza kwa kubadilishana, kwani sarafu ya kawaida nchini kwako ni ya kigeni kwa mwenzako. Unaponunua, omba picha za pande zote mbili pamoja na uzito, na usinunue sarafu ya kale kutoka kwa mtu asiyeweza kueleza ilitoka wapi. Nchi nyingi hukataza kutoa nje vitu vya kale bila kibali, na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unahusu biashara hiyo, sarafu za kale zikiwemo.

Hatua ya 10: Andika kumbukumbu

Kwa kila sarafu andika nchi, thamani, mwaka kama ulivyoandikwa na mwaka wa kawaida, alama ya kiwanda, madini, uzito, kipenyo, hali, tarehe uliyoipata, na uliipataje na wapi. Kipengele hicho cha mwisho ndicho huachwa mara nyingi, nacho ndicho kisichoweza kupatikana tena katika katalogi yoyote.

Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia, akilinda visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota mchangani sarafu 9. Alizihifadhi tu, na ilikuwa mwaka 1979 alipozipeleka zitambuliwe: 4 zilikuwa za Waholanzi, na 5 zilikuwa za shaba kutoka usultani wa Kilwa, maelfu ya kilomita ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Zilifikaje huko bado ni suala linalojadiliwa. Lakini mwanajeshi huyo alikuwa ameweka alama ya X kwenye ramani mahali alipoziokota, na kwa ramani hiyo wataalamu waliweza kurudi kutafuta mwaka 2013.

Andika kwa penseli kwenye karatasi isiyo na asidi, weka kikaratasi pamoja na sarafu yake, na utunze nakala ya daftari mahali pengine tofauti na mkusanyiko.